UZI: RAV4, Forester, Prado na Hilux kwenye mchanga wa pwani: upepo wa tairi, saa za maji na namna ya kujinasua

Mwambao77 (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna kambi iko ufukweni kusini mwa Kigamboni. Njia ya juu imekatwa na mvua, kwa hiyo imebaki kupita mchangani kama kilomita 6. Magari mawili: RAV4 ya 2008 yenye kitufe cha 4WD LOCK na Prado 120 otomatiki. Watu saba na mizigo yao.

Naomba kujua: upepo wa tairi uwe kiasi gani, RAV4 itaweza au iachwe, twende saa ngapi kwa kufuata maji, na vifaa gani visikosekane. Wenye kusema "nunua Land Cruiser" naomba wapumzike.

Mzee wa Jeki

Upepo kwanza. Mengine yote yanafuata.

Mgandamizo wa tairi juu ya mchanga unakaribiana na upepo ulioujaza ndani. Psi ni kipimo cha upepo: psi 35 ni kama kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba, psi 18 ni kama kilo 1.3. Chukua RAV4 yenye watu, jumla tani 2, kila tairi linabeba kilo 500. Kwa psi 35 linakanyaga eneo la kama sentimita za mraba 200. Kwa psi 18 eneo linakaribia 400. Ukuta wa tairi nao una ugumu wake, kwa hiyo haitatoka hesabu kamili hivyo, ila picha ni hiyo. Na tairi halitanuki sana kwa upana kama wengi wanavyodhani. Linarefuka, mbele na nyuma, mfano wa mnyororo wa katapila. Ndiyo maana hata tairi jembamba likipunguzwa upepo linapita mahali ambapo tairi pana lililojaa linachimba kaburi.

RAV4, X-Trail, Forester: anza na 20. Mchanga ukiwa mlaini shuka 18. 16 ndiyo mwisho. Kama rimu ni kubwa na ukuta wa tairi ni mfupi (namba ya pili kwenye tairi ni 55 kushuka chini), usivuke 20, rimu itagonga jiwe na kupasua ukuta.

Prado, Hilux, Land Cruiser: anza 18, shuka 15. 12 ni ya kutokea shimoni tu, ukishatoka unarudisha. Chini ya hapo tairi linaweza kuvuka mdomo wa rimu ukikata kona, na kulirudisha ufukweni ni kazi ya nusu siku.

Mizigo ikiwa mingi nyuma, acha tairi za nyuma zizidi za mbele kwa psi 2.

Jambo linalosahaulika: tairi lililotoka kwenye lami likiwa na moto linasoma psi 3 au 4 zaidi. Ukiweka 18 hapo hapo, likipoa mchangani utakuwa na 15 au chini. Subiri robo saa kivulini au fanya hesabu hiyo kichwani. Kisha geji yako iwe moja hiyo hiyo kwa tairi zote nne. Geji mbili za bei rahisi zinaweza kupishana psi 3 bila aibu.

Ukiwa na 18, mwendo ni kilomita 30 mpaka 40 kwa saa, hakuna kona ya ghafla, hakuna breki ya kukanyaga kwa hasira.

Zeze la Chuma

28 inatosha kabisa. Hizo 18 ni kuharibu matairi ya watu.

Mzee wa Jeki

@Zeze la Chuma 28 inatosha kwenye mchanga mbichi uliobanwa na maji, hapo hata Vitz inapita. Shida ni mita 40 za mchanga mkavu kati ya barabara na huo mchanga mbichi, maana lazima uzivuke kuingia na kutoka. Kinachoharibu tairi si upepo mdogo peke yake, ni upepo mdogo pamoja na mwendo. Tairi la psi 18 ukilipeleka 90 kwenye lami, ukuta unajikunja mara maelfu, unapata moto na nyuzi za ndani zinaachana. Kwa 30 mchangani halipati moto wa kutisha. Ndiyo maana pampu ni lazima, si pambo.

Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara itachukua dakika 5 mpaka 8 kwa kila tairi la inchi 17 kutoka 18 hadi 32. Washa injini kwanza. Angalia fyuzi ya soketi, mara nyingi ni ampea 15, na pampu ikivuta zaidi ya hapo fyuzi inakatika ukiwa tairi la kwanza. Ipumzishe kila baada ya matairi mawili. Pampu ya kubana moja kwa moja kwenye betri inamaliza tairi kwa dakika 2 au 3.

FundiGiaboksi

Mzee kamaliza upepo, mimi naongezea nyama upande wa mifumo, kwa sababu hapa watu wanachanganya sana aina za "fowili" (4WD, tairi zote nne kuvuta).

Gari la fowili la kuchagua (Hilux, Land Cruiser 70): kwenye 2H tairi za nyuma tu ndizo zinavuta. Ukiweka 4H, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Kama gari lina habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, zungusha zote mbili kwenye LOCK *kabla* ya kugusa mchanga. Kiwiko kikiwa 4H na habu ziko FREE, propela ya mbele inazunguka bure na wewe unaendesha gari la tairi mbili huku unajisifu. Usiendeshe 4H kwenye lami kavu, mfumo unajikaza na kiwiko kinagoma kutoka.

Prado 120: ni fowili muda wote, ina difu ya katikati (gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma). Mchangani funga difu ya katikati. Kwa mchanga mwingi unabaki gia ya juu ikiwa imefungwa. Gia nzito (4L, ya nguvu na mwendo mdogo) unaitaka pale pa kupanda tuta laini, kutoka ulipokwama, au kumvuta mwenzako. Faida yake kubwa kwa otomatiki ni kupunguza moto: kibadilisha nguvu cha gia boksi hakiteseki.

RAV4 ya 2008: hii kwa kawaida ni gari la tairi za mbele. Nyuma kuna klachi ya sumaku mbele ya difu, kompyuta inaibana pale tairi za mbele zinapoteleza. Ukibonyeza 4WD LOCK inabanwa mapema, ila mwendo ukizidi kilomita 40 kwa saa inajiachia yenyewe. Kwa hiyo bonyeza kabla ya kuingia na kaa chini ya 40. Haina gia nzito. Hiyo klachi ni ndogo na adui yake ni moto. Dakika chache za kuzungusha tairi shimoni zinatosha. Taa ya 4WD inaanza kumeta, nyuma panaachia, unabaki na tairi mbili za mbele katikati ya mchanga. Dawa: simama mahali pagumu, injini iendelee kuunguruma, subiri taa izime. Usizime injini, mafuta ya gia boksi yanahitaji kuzunguka yapoe.

X-Trail T31 ni ukoo huo huo, na yenye gia boksi ya mkanda ni mbaya zaidi kwa moto. Ikijihisi imechemka inapunguza nguvu, utakanyaga mafuta na haitaitika. Hapo si ubovu, inajilinda. Subiri.

Forester kuanzia toleo la 2013/2014 yenye X-Mode (kitufe cha kusaidia kwenye njia mbovu) ni nzuri mchangani, na tumbo lake liko kama sentimita 22 juu. Grand Vitara ya 2005 kuendelea watu wanaidharau, lakini ile yenye kiwiko cha 4H, 4H LOCK na 4L LOCK ina difu ya katikati na gia nzito za kweli. Nipewe kuchagua kati yake na RAV4 kwa kazi hii, nachukua Vitara bila kufikiri.

Na kitu kimoja kinachoua magari haya ya mjini: tairi mbili mpya mbele, mbili vipara nyuma. Mzunguko wa tairi haulingani, klachi ya nyuma inateleza muda wote hata kwenye lami. Ukiifikisha mchangani tayari ina moto. Tairi zote nne ziwe saizi moja na ulaji unaokaribiana.

Mwambao77

Asante Fundi. Kitufe cha TRC (kizuia tairi kuteleza) je? Kuna wanaosema zima, wengine acha.

FundiGiaboksi

Zima. Mfumo ule ukiona tairi inateleza unakata nguvu ya injini, na mchangani tairi *lazima* iteleze kidogo. Unakata nguvu, mwendo unakufa, umekwama. Kwenye Toyota nyingi ukibonyeza mara moja unazima TRC tu. Ukitaka kuzima na VSC (kizuia gari kuserereka), gari likiwa limesimama, shikilia kitufe sekunde zaidi ya 3 mpaka taa ya pili iwake. Prado ukifunga difu ya katikati VSC inajizima.

Kaya Kilifi

Naomba kupingana kidogo na Fundi. Ukiwa kwenye mwendo, zima, nakubali. Lakini ukishasimama na tairi moja ya mbele na moja ya nyuma (pembe kwa pembe) zinazunguka bure, washa tena. TRC inabana breki ya tairi linalozunguka na kupeleka nguvu kwa lenzake. Kwa gari lisilo na difu loki hiyo ndiyo difu loki yako ya maskini. Kanyaga mafuta taratibu na shikilia, usiachie achie.

FundiGiaboksi

@Kaya Kilifi hapo umenipata. Iwe hivi: mwendoni zima, ukitambaa kutoka shimoni washa ujaribu mara moja. Isipokubali, chukua chepe.

Bi Tufani

Nyote mmeongelea tairi, hakuna aliyeongelea maji. Gari lililokwama kwenye mchanga mkavu litakusubiri mpaka kesho. Lililokwama chini ya mstari wa maji lina saa tatu.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku inachelewa kwa kama dakika 50 (karibu na bamvu ni pungufu kidogo ya hapo). Wakati wa bamvu, yaani mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja au mbili baada yake, maji ya Dar na Mombasa yanapanda na kushuka kati ya mita 3 na 4. Wakati wa maji mafu, mwezi 7, 8 na 22, 23 (tarehe za mwezi mwandamo), mchezo ni mdogo, mara nyingi haufiki hata nusu ya huo.

Kanuni ya wavuvi isiyohitaji simu: siku za bamvu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake. Ukiijua tarehe ya mwezi unaweza kukisia. Halafu hakikisha kwa jedwali la maji la bandari.

Sasa kosa la wengi: wanadhani maji yanapanda kwa mwendo ule ule. Gawa urefu wote mafungu 12. Saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvu la mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, mtu anasema "aah bado sana". Saa ya tatu na ya nne ni sentimita 90 kila moja. Kwenye ufukwe wenye mwinamo wa mita 1 kwa kila 50, sentimita 90 za kimo ni mita 45 za kuingia nchi kavu kwa saa moja. Yaani kila dakika bahari inakuja karibu robo tatu ya mita.

Ingia saa mbili na nusu kabla ya kupwa kabisa, uwe umetoka saa mbili baada ya kupwa. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu ongeza tahadhari, mawimbi yanasukuma maji juu kuliko jedwali linavyosema.

Mwambao77

Bi Tufani shikamoo. Kupita ni mstari upi hasa? Karibu na maji au juu?

Bi Tufani

Marahaba. Tafuta mstari wa takataka, magugu ya bahari na vifuu, ndipo maji ya mwisho yalipofika. Juu ya hapo ni mchanga mkavu, mlaini. Chini yake kuna ukanda wa mchanga mbichi, rangi imekolea kidogo, hauna maji yanayong'aa. Huo ndio barabara yako. Ukishuka zaidi ukaona mchanga unang'aa kama kioo na maji yanachuruzika kutoka ndani, toka. Mchanga ule umeshiba maji, ukisimama juu yake tairi linazama lenyewe hata bila kuzunguka.

Shuka kwa mguu ukanyage. Kisigino kikizama chini ya sentimita 2 panafaa. Kikizama mpaka kifundo, pita juu zaidi au geuka.

Vijito na midomo ya mito ni mtego. Maji ya juu yanaweza kuwa ya kifundo cha mguu na chini kuna matope. Vuka kwa miguu kwanza, vukia mahali maji yametanuka na kuwa machache, si pale palipobanwa pakaonekana pafupi. Karibu na mikoko usijaribu kabisa, matope meusi ya mikoko hayana urafiki na Prado wala trekta.

Kaya Kilifi

Aina ya mchanga nayo. Mchanga mweupe wa matumbawe kama wa Diani ukikauka ni laini mno, ukilowa unashika vizuri. Kahawia wa kando ya mdomo wa mto, kama ule unaoletwa na Sabaki pale Malindi, una tope ndani yake, kwa hiyo unaweza kuwa mgumu hapa na mita kumi mbele ukawa uji. Na penye miamba ya matumbawe, kingo zake hukata ukuta wa tairi kama wembe, hasa tairi lililopunguzwa upepo kwa sababu ukuta umetokeza nje. Hapo ni mwendo wa kutembea, mtu mmoja ashuke aongoze.

Maskati Ndani

Salaam kutoka Oman. Huku mchanga ni mwingi, kawaida ni psi 15 kwa Land Cruiser na Patrol. Naongeza hatari moja ambayo huko kwenu ipo kwenye mashamba ya chumvi: sabkha. Ni uwanda wa chumvi karibu na bahari, juu kuna gamba kavu, jeupe, linaonekana gumu kama sakafu. Chini ni tope. Barr al Hikman ni maarufu kwa hilo. Gamba likivunjika gari linakaa kwa tumbo na kila unapojaribu linazama zaidi. Upepo mdogo hausaidii sana hapo. Kaa kwenye alama za tairi za zamani zilizo kavu. Kama hakuna alama, jiulize kwa nini hakuna.

Uendeshaji sasa. Mchangani usikanyage breki kusimama, achia mafuta gari lisimame lenyewe. Ukibreki, tairi linajijengea tuta mbele, na wakati wa kuondoka inabidi ulipande. Simama pua ikiwa inatazama mteremko. Wakati wa kuondoka rudi nyuma kwanza mita moja kwenye alama zako, kisha songa mbele. Gari la mkono ondoka na gia ya 2. Otomatiki izuie isipande gia ovyo, weka 2 au 3, injini icheze kati ya mizunguko 2,500 na 3,500.

Usukani: ukihisi mbele pazito usikate kona zaidi. Tairi zilizokatwa zinakuwa jembe. Nyoosha, gari likipata mwendo ndipo ukate taratibu. Kugeuza kunahitaji duara kubwa, na anza duara upande wa juu umalizie ukiteremka. Tuta panda moja kwa moja. Ukikata ubavuni gari linaweza kubiringika.

Zeze la Chuma

Sawa nimeelewa kuhusu upepo, nimefuta usemi. Nikikwama nifanyeje maana hapo ndipo mnaporuka.

Mzee wa Jeki

Hatukuruka, tulikuwa tunakuja.

Gari likisita na tairi ikaanza kuchimba, toa mguu kwenye mafuta. Mara hiyo hiyo. Sekunde mbili za ubishi zinashusha gari sentimita 10, na sentimita 10 ndiyo tofauti kati ya kujinasua kwa dakika tano na kuchimba saa nzima. Jaribu kurudi nyuma kwenye alama zako, kwa upole, mara moja. Ikikataa, shuka.

Chungulia chini. Kama difu, chasisi au sampu (bakuli la oili chini ya injini) imekalia mchanga, tairi hazibebi uzito tena, na hakuna mafuta yatakayosaidia mpaka uchimbe pale kati. Hapo ndipo watu wanakosea: wanachimba tairi tu. Chimba chini ya tumbo kwanza, mpaka uone mwanga upande wa pili. Kisha chimba mbele ya kila tairi (au nyuma, kama unarudi) mteremko mrefu wa mita moja, si shimo la wima. Mchanga utupe mbali, la sivyo utauchimba tena.

Shusha upepo: RAV4 mpaka 16, Prado mpaka 12. Watu wote washuke. Weka vibao vya kujinasulia vikiwa vimebanwa kabisa chini ya tairi, vimelala kufuata mteremko. Kama huna, mbao za inchi 1 kwa 8 zenye urefu wa mita 1.2 zinafaa, misumari iwe imetolewa. Makuti mabichi yakipangwa yakakatana yanasaidia kidogo, mazulia ya gari yanarushwa nyuma tu. Usikate mikoko, ni kosa la jinai. Watu wasisimame nyuma ya tairi, ubao ukichomoka unakuja na nguvu ya kuvunja mguu.

Jeki bila kitako inazama yenyewe. Beba ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, unene wa inchi 2. Inua tairi, jaza mchanga mbichi chini yake, weka kibao, shusha. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari lililo kwenye jeki mchangani, hata kama "ni sekunde moja".

Mchanga mkavu ukiumwagia maji ya bahari ndoo nne tano mbele ya tairi, unabana. Wavuvi wanaijua sana hii.

FundiGiaboksi

Kuvutana kwa kamba, naomba hapa tusitanie.

Kuna kamba ya kuvutia isiyonyumbuka na kuna ya nailoni inayonyumbuka. Ya kunyumbuka inamruhusu mvutaji aondoke na mwendo mdogo, inajivuta kama mpira na kumchomoa aliyekwama. Isiyonyumbuka, na hasa mnyororo au waya, haipigwi mwendo: ikaze taratibu kwanza, kisha vuta. Ukiipiga kwa kishindo, kitu kitavunjika, na kitakachovunjika kitaruka kama risasi.

Usifunge kamba kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela. Usifunge kwenye bampa wala mkono wa saspensheni. RAV4 ina kitundu kwenye bampa chenye kifuniko, na ndoano ya kuzungusha iko pamoja na vifaa vya spea tairi. Izungushe mpaka mwisho, kaza kwa spana ya tairi. Ndoano ile imetengenezwa kuvuta gari kwa mstari mnyoofu barabarani, si kung'oa gari lililozama. Kwa hiyo chimba kwanza, shusha upepo, ndipo Prado ivute polepole ikiwa gia nzito. Kuunganisha tumia pingu ya chuma yenye pini ya kuzungusha, iliyoandikwa uzito inaobeba, tani 3 na robo au zaidi. Pini ikaze halafu irudishe nyuma kidogo, la sivyo haitafunguka tena.

Tandika blanketi au begi la mchanga katikati ya kamba. Watazamaji wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa kamba, pembeni, si mbele wala nyuma. Watoto kwanza ndio waondoke.

Ukiwa peke yako na una winchi lakini hakuna mti: zika spea tairi. Chimba mtaro wa kina cha mita moja, tairi lisimame ukuta ukitazama gari, pitisha mkanda katikati ya rimu ukibanwa na chuma nyuma yake, chimba kijia cha kamba ili ivute kwa mlalo isiling'oe juu, fukia na ushindilie. Mnazi ukiutumia, funga mkanda mpana chini kabisa ya shina. Waya unakata gome na mwenye mnazi atakudai, kwa haki.

Kaya Kilifi

Kabla hamjaenda, ulizeni kama mnaruhusiwa. Hili halizungumzwi kwenye nyuzi za magari. Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira. Kenya ndani ya hifadhi za bahari mnaulizana na KWS (shirika la wanyamapori). Afrika Kusini wao walifunga kabisa kuendesha gari ufukweni kwa burudani tangu mwanzoni mwa 2002. Anzeni na serikali ya kijiji na kikundi cha ulinzi wa fukwe (BMU), wao pia ndio wanaojua kasa wametaga wapi.

Kasa wa kijani anazika mayai mia na ushee juu ya mstari wa maji, yanakaa karibu miezi miwili. Tairi likipita juu linagandamiza mchanga, watoto wanashindwa kutoka. Wakitoka, alama ya tairi yenye kina cha sentimita 10 ni korongo kwao, wanaifuata badala ya kwenda baharini na wanaliwa na kaa. Kwa hiyo: pitieni mchanga mbichi chini ya mstari wa takataka, maji yakijaa yanafuta alama. Hakuna kupita usiku. Vukeni ule mchanga mkavu mahali pamoja, magari yote mawili kwenye alama zile zile.

Mwambao77

Nimeandika yote. Jumamosi itakuwa mwezi 18. Mpango: Prado mbele, RAV4 nyuma, psi 16 na 18. Vifaa: machepe mawili, geji, pampu ya betri, mbao nne, kitako cha jeki, kamba ya nailoni mita 9, pingu mbili. Mmeona pengo?

Mzee wa Jeki

Mizigo yote mizito hamishia Prado, na watu watano wapande humo. RAV4 iende na wawili. Acha mita 50 kati ya magari, Prado ikikwama RAV4 isije ikajipaki nyuma yake. Jazeni matangi, mchangani gari linakunywa mara moja na nusu ya kawaida au zaidi. Na vali ndogo za ndani ya tairi, beba za akiba nne. Chembe moja ya mchanga ikikaa pale, tairi linavuja usiku kucha.

Bi Tufani

Mwezi 18 maji yatapwa kwenye saa sita mchana. Ingieni saa tatu na nusu asubuhi, saa nane mchana asiwepo mtu chini ya mstari wa takataka. Jumapili sogeza mbele kama dakika 45. Hakikisha kwa jedwali. Na kambini pakini juu kabisa, siku hizo bado kuna masalia ya bamvu na maji ya usiku yatapanda.

Mwambao77

Asanteni sana. La mwisho, chumvi?

FundiGiaboksi

Msipite kwenye maji ya bahari hata kidogo, picha nzuri inakula beringi za magurudumu. Difu likiwa na moto ukalitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili na bomba la kupumulia. Baada ya siku kadhaa fungua nati ya kujazia mafuta ya difu, chovya kidole. Yakiwa rangi ya chai ya maziwa, mwaga ubadilishe.

Osheni siku hiyo hiyo mkirudi, maji baridi (yasiyo na chumvi), kwa bomba la kawaida lenye maji mengi, dakika 20 chini ya gari: ndani ya chasisi kwenye matundu, juu ya tangi, nyuma ya breki, kwenye rejeta kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha isielekezwe kwenye sili wala mipira ya CV (viungo vya shafti za magurudumu). Prado ina vichuchu vya grisi kwenye propela, pampu mpaka grisi chafu itoke. Breki zikipiga kelele ya kukwaruza baada ya hapo, ni kijiwe kimekaa kati ya diski na bati la kuzuia vumbi. Rudi nyuma mita kumi ukibreki, mara nyingi kinaanguka. Kisipoanguka, toa tairi, likunje lile bati kidogo kwa bisibisi, kitatoka.

Zeze la Chuma

Na kabla ya kupanda lami, upepo.

Mzee wa Jeki

Umefuzu.